Mzee Lwitiko Kibona, Mvuke wa Nsamya na Jina la Chumvi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bw. Lwitiko Kibona, Msimamizi Mkuu wa Uchorongaji katika Kituo cha Umeme wa Jotoardhi Nsamya, atarudisha kofia yake ya kazi stoo na kustaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Kamati ya sherehe ilihangaika kutafuta mtu wa kuandika wasifu wake. Wahandisi walisema wamebanwa na kazi, na watu wa Utumishi wakasema wao wanamjua kwenye faili tu. Basi jukumu likaja jikoni kwangu, mimi Restuta Nzowa, ninayesimamia chakula cha kambi hii tangu tulipokuwa tunalala kwenye mahema. Sikukataa. Mtu uliyempikia miaka yote hiyo unamjua hata anapokudanganya kwamba ameshiba.

Mzee Kibona ni mtoto wa milima ya Ileje, wa nyumba ya wakulima wa kahawa na wazee wa kanisa. Kindali, lugha ya kwao, hakijawahi kumbanduka mdomoni. Akikasirika, Kiswahili chake hupanda na kushuka kama barabara ya kwao. Alisomea ufundi mitambo Mbeya, kisha akaajiriwa kuchoronga visima vya maji vijijini. Aliizunguka Mbozi yote, akashuka Momba, na kila alipolala aliacha pampu na marafiki. Kwetu Nanyala, hukohuko Mbozi, kuna pampu aliyoichimba yeye. Mama yangu alikuwa akimtaja kabla mimi sijamwona kwa macho, maana alikula mahindi yetu ya kuchoma mchana kutwa, halafu wakati wa kuaga akaomba na ya njiani.

Msangano ndiko alikopata mkosi uliogeuka bahati. Alichoronga kisima, maji yakatoka mengi na mazuri, lakini ya vuguvugu. Wenyeji wakamfuata kwa upole wakamwambia kwamba wao waliomba maji ya kunywa, ya kuoga wangechemsha wenyewe. Alihamisha mtambo, akachimba kwingine, wakapata maji baridi, mambo yakaisha. Yeye hakuyasahau yale ya moto. Miaka kadhaa baadaye, wataalamu wa jotoardhi walipofika ukanda huu wakiuliza nani aliwahi kukutana na joto ardhini, kila ofisi waliyoingia ilimtaja Kibona.

Ndivyo alivyofika Nsamya, huku bondeni Momba, upande wa kwenda Ivuna, penye vumbi, jua kali na mbu wasio na adabu. Wakati huo hapakuwa na kituo wala barabara. Palikuwa na vichaka, ng'ombe wa wafugaji, na chemchemi ya moto yenye chumvi ambayo kijiji kizima kiliitegemea. Sisi tuliotoka Mbozi tulikuja na masweta kwa mazoea ya baridi ya kwetu, tukayafanya mito ya kulalia.

Jotoardhi si somo jepesi, lakini yeye aliwafundisha vibarua kwa maneno aliyoyaiba jikoni kwangu. Chini ya ardhi kuna jiko, alisema, na juu ya jiko kuna chungu kimefunikwa. Kazi yetu ni kutoboa kifuniko, kuuvuta mvuke uzungushe mtambo wa kufua umeme, bila kumwaga mchuzi. Kisima cha kwanza kilikuwa na jiko bila chungu: joto la kutisha, maji hakuna. Watu walivunjika moyo. Yeye alikula sahani mbili za wali siku hiyo, akasema afadhali tumejua lilipo jiko. Kisima cha pili kilitoa mvuke kwa mngurumo uliowafukuza ng'ombe hadi karibu na Ivuna, naye akawafuata kwa miguu pamoja na wenye mifugo mpaka wa mwisho alipopatikana.

Nisimpambe kupita kiasi. Mzee Kibona si malaika. Vikombe vyangu vya chai vimeishia kwenye mtambo wa kuchoronga na vingi havijaonekana tena. Kwenye kwaya ya kambi anaimba besi, na besi yake hufika mwisho wa wimbo kabla ya wenzake. Viatu vichafu kwenye bwalo la chakula humfanya asahau kwamba ameokoka. Na zaidi ya yote, anapenda kusema. Hakuna jambo linalopita mbele yake bila kupewa mfano au kahadithi, na watu humpenda kwa hilo. Ulimi huohuo ndio uliomwingiza katika mtihani mkubwa kuliko yote ya utumishi wake. Nimemwomba ruhusa kuusimulia, naye akasema niseme wote, nisipunguze.

Wanawake wa Nsamya wanapika chumvi tangu enzi za bibi wa bibi zao. Kiangazi hukwangua udongo wenye chumvi kandokando ya chemchemi, huutia kwenye vichujio, huumiminia maji ya moto, kisha yale maji yaliyochujika huyachemsha kwenye makarai mpaka ibaki chumvi tupu. Ni chumvi nyeupe, inayokolea haraka, na wanunuzi wa Tunduma waliifuata wenyewe, pamoja na Wazambia wanaovuka mpaka kuja kuichukua. Ada, sare, dawa, bati za nyumba, vyote vya Nsamya vimetoka pale.

Kwa hiyo hofu yao ilikuwa moja tu, kwamba kisima chetu kitaharibu chemchemi. Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Aliyesimama kuuliza ni Mama Marta Namwinga, kiongozi wa wapika chumvi, mwanamke mfupi asiyependa maneno marefu. Alitaka kujua maji tutakayoyatoa sisi ni yapi na ya kwao ni yapi. Meneja wa mradi alikuwa tayari kumwinua mtaalamu aeleze kwa michoro. Mzee Kibona akaomba aachiwe yeye, kwani hawa ni watu wake na anajua namna ya kusema nao. Akawaambia kuwa maji ya kisima na maji ya chemchemi ni watoto wa mama mmoja, mmoja anakaa chini na mwingine anakaa juu, na ndugu wa tumbo moja hawaibiani. Watu wakapiga makofi. Aliketi ameridhika, akanipungia mkono niwahishe chai.

Tulipoanza kukipima kisima, maji yaliyopanda pamoja na mvuke yalielekezwa kwenye bwawa la muda. Jua la Momba halina mchezo, na haukupita muda kingo za bwawa zikavaa ukoko mweupe unaometameta. Akina mama wakauona kutoka njiani. Sasa, desturi ya Nsamya ni kwamba chumvi iliyojitokeza yenyewe, mahali ambapo hakuna mtu aliyewasha moto wake, ni ya yeyote aliyeamka mapema. Na kama maji ni ya mama mmoja, chumvi yake itakuwaje tofauti? Wakaja asubuhi na majembe na mabeseni, wakabisha hodi getini kwa heshima zote. Mlinzi wetu Efraimu alikuwa ameagizwa na Mzee Kibona mwenyewe kwamba majirani wapokewe vizuri. Akawafungulia, na walipomaliza kukwangua akawasaidia kujitwisha.

Mimi nililigundua jambo hilo kwenye maharage. Nilikuwa nikinunua chumvi ya kijijini kama siku zote, lakini ile haikuyeyuka. Nilikoroga, nikachochea moto, nikayalaumu maharage, na nilipoonja nikakutana na uchungu unaokaa ulimini. Chini ya sufuria kulikuwa na kitu kama mchanga. Nilimwaga chakula cha kambi nzima, jambo linaloniuma mpaka leo, nikachukua kiganja cha ile chumvi nikampelekea Bi. Angel wa maabara.

Majibu ya Angel hayakuwa mazuri. Maji ya kina kile yanapita kwenye miamba ambayo maji ya chemchemi hayaifikii, na yanabeba madini yasiyofaa kuliwa, mengine sumu kabisa. Chumvi ya chemchemi ilikuwa salama kama zamani. Ya bwawani ilikuwa ya kuzikwa. Na magunia yake yalikuwa yameshachanganyika na ya zamani, yameondoka kwenda Tunduma.

Wapo waliomshauri Mzee Kibona awalaumu akina mama kwa kuingia eneo la kazi. Wapo waliotaka Efraimu ndiye atolewe kafara. Mzee alikuja jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na mfano wa kutoa. Alisema tu kwamba aliulizwa swali la kweli, akajibu kwa hadithi tamu. Nilimwonea huruma, na pia nilikuwa na hasira naye, kwa sababu Nsamya ni watu waliotupa maji ya kunywa kabla hatujawa na tangi letu.

Kwao Ileje mtu aliyekosa haendi kuomba radhi mikono mitupu. Alitafuta jogoo mkubwa, akampakia kwenye pikapu, na jogoo akakata kamba njiani akahamia kwenye usukani, hata mwombaji radhi akafika na mikwaruzo shavuni. Hakuna aliyecheka. Alisimama palepale alipopigiwa makofi, akaeleza kwamba maji yale si sawa, kwamba yeye ndiye aliyewapotosha, na kwamba chumvi yote ya bwawani irudishwe hata kama imeshaingia kwenye chungu.

Mama Marta alimpokea jogoo, akamkabidhi kwa jirani, kisha akajibu mbele ya wote. Alisema msamaha wameusikia, ila wao hawaishi kwa msamaha, wanaishi kwa chumvi. Jina la chumvi ya Nsamya likifa sokoni, watu wa mradi watafunga mizigo na kwenda kuchimba kwingine, lakini wao na watoto wao watabaki wakiitazama chemchemi ambayo hakuna anayeitaka. Alipomaliza aliketi, na mkutano ukaisha hivyohivyo, watu wakiondoka mmoja mmoja.

Kesho yake wawili hao walikwenda Tunduma kwenye kiti cha mbele cha pikapu. Walipita duka kwa duka na meza kwa meza, wakieleza na kurudisha magunia. Kwa wanunuzi wa Zambia Mzee alianza na mulishani, salamu yake ya Kibemba iliyopinda, kisha akaendelea kwa Kiswahili, na Mama Marta akamalizia pale aliposhindwa. Magunia yalipatikana, tunamshukuru Mungu, na hakuna aliyedhurika. Yalirudi yakazikwa chini ya zege. Lakini samaki mmoja akioza, wote wameoza. Walipopeleka chumvi safi, wafanyabiashara waliigeuzageuza mkononi, wakakumbushana kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza, wakairudisha. Kiangazi kilikuwa katikati na makarai ya Nsamya yakazimwa.

Wakati huohuo wafadhili wa mradi walikuwa njiani kuja kuuona mvuke kwa macho yao. Ilikuwa ziara ya kuamua kama kituo kitajengwa au la, na ofisi nzima ilikuwa mbiombio, hadi miti ikapakwa chokaa. Mzee Kibona aliifunga vali kuu ya kisima, akasema haitafunguliwa mpaka kichimbwe kisima kingine cha kuyarudisha yale maji chini yalikotoka, lisibaki tone la kukauka juu ya ardhi. Wakubwa walimwita. Walimwambia ni suala la saa chache tu, mgeni auone mvuke, basi. Walimkumbusha kwamba mkataba wake una mwisho. Alijibu kwamba kumfukuza ni haki yao, ila atakayeifungua vali aende Nsamya akawaeleze akina mama yeye mwenyewe. Hakujitokeza mtu.

Basi wageni walikuja wakaoneshwa kisima kilichofungwa. Halafu walikaribishwa chakula, na hapo ndipo Mzee alipotutumia sisi wa jikoni. Alikuwa ameomba jiko zima litumie chumvi ya chemchemi tu, ile iliyokataliwa Tunduma, na Angel akabandika majibu ya vipimo kwenye mlango wa bwalo. Aliwaleta wafanyabiashara wakubwa wa chumvi, akawaketisha meza moja na wafadhili, na yeye akala wa kwanza. Daktari wa zahanati alikuwa amemkataza chumvi kwa sababu ya presha. Msimu ule wote alimwasi, akiinyunyiza mpaka kwenye uji, ilimradi mfanyabiashara yeyote aliyepita amwone anakula na kesho amkute mzima.

Sitaficha gharama yake. Wafadhili waliondoka wamekunja nyuso, na kazi ikasimama zaidi ya mwaka. Wenzetu wengi walirudishwa makwao, na wapo waliomlaani wakati wakifunga magodoro yao. Hata mimi nilinuna. Wapishi wangu wote waliondoka, nikabaki na sufuria na Mzee Kibona aliyeachwa kulinda mitambo.

Wanunuzi walirejea kidogo kidogo, kwanza mmoja aliyechukua gunia la kujaribu, kisha ndugu zake. Kiangazi kilichofuata makarai yaliwashwa tena. Siku moja Mama Marta alifika jikoni bila kuitwa, akatua beseni la chumvi mezani, akaniuliza Kibona anakula nini siku hizi, mbona amekonda. Nilimjibu kwamba anakula kila kitu, tatizo ni mawazo. Akasema apelekewe hiyo, na mawazo apunguze. Nilipomwambia Mzee maneno hayo alitoka nje, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alisema ni vumbi.

Mradi ulipofufuka, kazi ya kwanza ilikuwa kisima cha kurudishia maji, na ni yeye aliyekisimamia kutoka futi ya kwanza hadi ya mwisho. Ndipo vali ikafunguliwa. Ni yeye pia aliyedai kwamba kila chemchemi inapopimwa, wapika chumvi wawepo, wayaone maji na wasomewe majibu, na sasa jambo hilo ni kanuni ya kituo. Amefundisha wachorongaji ambao leo wanaitwa kwenye miradi mingine nchini. Katika miaka yote ya kusimamia mtambo, hakuna kijana aliyerudi kwao na kidole pungufu, na hilo analijivunia kuliko vyeti vyote alivyopewa. Alijifunza pia kujibu maswali. Akiulizwa jambo asilolijua, siku hizi anasema hajui, kisha anamwita Angel.

Mtambo wa kwanza wa kufua umeme uliwashwa mwezi Februari mwaka huu. Sote tulikuwa tumeinua vichwa tukisubiri taa, wengine wakipiga picha, wengine wakilia. Nilimtafuta Mzee Kibona nimpe soda yake nisimwone. Alikuwa chemchemini na Mama Marta, wameinama wote wawili, wanatazama kama maji yanachemka kama siku zote. Yalikuwa yanachemka.

Tulidhani akistaafu atapanda Ileje kwenye kahawa yake. Hata yeye alidhani hivyo, na alikuwa ameanza kugawa ndoo na viti. Mwezi uliopita wapika chumvi walimwita mke wake, Mama Tulinagwe, ambaye amekuwa akiishi naye hapa kambini, wakampeleka kandokando ya chemchemi na kumwonesha mahali pa kuweka mafiga. Kwa wasioijua Nsamya niseme kwamba mahali pale mama humwachia binti yake, na mtu wa kuja hajawahi kupewa. Mama Marta alieleza sababu kwa ufupi wake uleule: aliyeisemea chemchemi akae, ale nayo. Kahawa ya Ileje wameachiwa watoto. Nyumba ya Kibona inajengwa kijijini, na kuanzia kiangazi hiki itaishi kwa chumvi ya Nsamya kama nyumba nyingine zote.

Kwa hiyo, wenzangu, tunaobaki na vali mikononi ni sisi. Tunakushukuru, Mzee wetu, kwa mvuke uliotutafutia, kwa vijana uliowalea, na kwa siku ile uliyokubali kuchukiwa na sisi tuliokupenda. Mungu akujalie wewe na Mama Tulinagwe afya, usingizi wa mchana, na viangazi vingi vyenye jua la kutosha. Na maji yakipoa hata kidogo huko chemchemini, usitutumie salamu. Njoo getini ugonge. Tutaifunga vali kwanza, ndipo tukuulize kulikoni.